Epidemiolojia na Kinga ya Magonjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanafunzi wa Uuguzi Kanda ya Ziwa

Haya ni maswali yanayorudi kila muhula, darasani, wodini na kwenye mazoezi ya vitendo vijijini. Mifano mingi ni ya Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, kwa kuwa huko ndiko wengi wenu mtakakofanyia kazi. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Epidemiolojia ni nini, na inatofautianaje na ninachojifunza wodini?

Wodini unamhudumia mgonjwa mmoja mmoja: anaumwa nini, apewe dawa gani, ameamkaje. Epidemiolojia inatazama kundi zima, wagonjwa na wazima kwa pamoja, na kuuliza nani wanaugua, wapi, lini, na kwa nini hao na si majirani zao. Majibu hayo hutumika kuzuia wengine wasiugue.

Muuguzi yumo ndani ya kazi hii tangu siku ya kwanza. Kila mstari unaoujaza kwenye kitabu cha MTUHA, rejesta ya taarifa za huduma za afya kituoni, ni takwimu ya epidemiolojia. Ukiujaza ovyo, hakuna mtaalamu wa wizarani atakayeweza kuurekebisha baadaye.

2. Kwa nini wakufunzi hawachoki kuuliza "kati ya wangapi?"

Kwa sababu idadi ya wagonjwa ikisimama peke yake inadanganya. Tuseme mwezi huu zahanati ya kwanza imepokea wagonjwa 30 wa kuhara, na ya pili 12. Haraka haraka utasema hali ni mbaya kwenye ile ya kwanza. Lakini kama ya kwanza inahudumia watu 15,000 na ya pili watu 2,000, basi ya kwanza ina wagonjwa 2 kwa kila watu 1,000 na ya pili ina 6. Dawa na maafisa afya wapelekwe kwanza kwenye ile yenye wagonjwa 12.

Kando ya ziwa swali hili lina ugumu wake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi hupumzika au hurudi makwao. Kambi iliyojaa watu wiki hii inaweza kubaki na wachache wiki mbili zijazo. Ukichukua idadi ya watu kutoka kwenye sensa, ukachukua wagonjwa kutoka kwenye kambi iliyofurika wakati wa giza, unapata kiwango kikubwa kisicho cha kweli. Kwenye mialo (fukwe zinakotia nanga mitumbwi) ya visiwa vya Ukerewe, Kome au Maisome, muulize mwenyekiti wa kitongoji au viongozi wa mwalo kuna mitumbwi mingapi na kila mtumbwi una watu wangapi. Ni makadirio, lakini yako karibu na ukweli kuliko sensa.

3. Ushamiri na maambukizi mapya vina tofauti gani?

Ushamiri ni sehemu ya watu walio na ugonjwa kwa wakati fulani, wawe waliupata jana au miaka kumi iliyopita. Kiwango cha maambukizi mapya kinahesabu waliokuwa hawana ugonjwa mwanzoni mwa kipindi, wakaupata ndani ya kipindi hicho.

Wanafunzi wengi hukwama kwenye mtihani unapouliza kama kupanda kwa ushamiri ni habari mbaya. Si lazima iwe hivyo. Dawa za kufubaza VVU zinawafanya watu waishi, kwa hiyo ushamiri unaweza kubaki juu hata maambukizi mapya yanapopungua. Ukitaka kujua kama kinga inafanya kazi, tazama maambukizi mapya. Ukitaka kujua uagize dawa za watu wangapi, tazama ushamiri. Mfano wa namba halisi uko kwenye swali la 13.

4. Ni wakati gani tunasema kuna mlipuko?

Wagonjwa wanapozidi kile kinachotarajiwa mahali hapo na kwa wakati huo. Malaria na kichocho vipo kanda hii mwaka mzima, kwa hiyo kumwona mgonjwa mmoja si mlipuko. Ni lazima idadi ivuke kiwango cha kawaida cha msimu. Kwa Marburg, ugonjwa adimu wa virusi unaoua, mgonjwa mmoja tu aliyethibitishwa anatosha. Ugonjwa ukivuka mipaka ya nchi na mabara, kama UVIKO-19, unakuwa janga la dunia.

5. Vifo huhesabiwaje? Nimekutana na viwango viwili tofauti.

Kimoja kinagawanya waliofariki kwa wakazi wote, kingine kinagawanya waliofariki kwa waliougua tu. Jirani zetu wa Kagera wanatupa mfano. Mlipuko wa Marburg wa mwaka 2023, Bukoba Vijijini, ulihesabiwa watu 9 na vifo 6, yaani asilimia 67 ya waliougua. Ule wa Biharamulo wa mwaka 2025 ulihesabiwa watu 10, na wote 10 walifariki. Kwa wakazi wote wa mkoa, vifo hivyo ni sehemu ndogo mno. Kwa aliyeugua, ni hatari ya kutisha.

Usikimbilie kusema virusi vya 2025 vilikuwa vikali zaidi. Kati ya wale 10, waliothibitishwa kwa kipimo walikuwa 2. Wengine 8 walihesabiwa kwa dalili na mazingira baada ya kufariki. Mlipuko unapogunduliwa kwa kuchelewa, waliofariki ndio wanaoonekana kwa urahisi, na yule aliyeugua kidogo akapona nyumbani anaweza asihesabiwe kamwe.

## Jinsi ugonjwa unavyosafiri

6. Mnyororo wa maambukizi ni nini? Naomba mfano mmoja kamili.

Ni safari ya kisababishi cha ugonjwa: kinapoishi, kinapotokea, njia kinayopita, kinapoingilia, na mtu kinayempata. Kata sehemu yoyote, ugonjwa unasimama. Kwa kanda hii hakuna mfano bora kuliko kichocho cha tumbo.

Mtu mwenye minyoo anajisaidia ufukweni, au kwenye choo kinachomwaga ziwani. Mayai yakifika majini yanaanguliwa, na viluwiluwi vinavyotoka vinamtafuta konokono wa aina maalumu anayekaa kwenye maji yaliyotulia na majani. Ndani ya konokono wanazaliana kwa takriban wiki 4 hadi 6, kisha wanatoka kwa maelfu, hasa jua linapokuwa kali. Mama anayefua, mtoto anayeoga, mvuvi anayesukuma mtumbwi hadi maji ya kiunoni: wote wanapenywa kwenye ngozi ndani ya dakika chache bila kuhisi zaidi ya mwasho. Minyoo wakikomaa wanakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yanayokwama kwenye ini ndiyo yanayomletea mtu kovu la ini, tumbo kujaa maji na, miaka mingi baadaye, kutapika damu.

Sasa hesabu sehemu za kukata. Choo kinazuia mayai kufika majini. Dawa inapunguza minyoo ndani ya watu. Kuondoa majani kunamnyima konokono makazi. Bomba la maji linamwondoa mama ziwani. Viluwiluwi waliotoka kwa konokono hawaishi zaidi ya siku mbili hivi, kwa hiyo maji yaliyochujwa konokono na kuhifadhiwa siku mbili kamili yanaweza kuogwa. Hayafai kunywewa kwa sababu hiyo peke yake: kipindupindu na homa ya matumbo bado vinahitaji maji yachemshwe au yatiwe dawa.

Kichocho cha mkojo, kinacholeta damu kwenye mkojo, kina konokono wake wengine. Hukipata zaidi bara ya Usukumani, kwenye mabwawa, madimbwi na majaruba ya mpunga. Kwa hiyo muulize mgonjwa anaogea wapi, usiishie kuuliza anaishi wapi.

7. Mama anasema, "Nesi, mwaka jana tulimeza hizo dawa, mbona mtoto anaumwa tena?" Nimjibu nini?

Mwambie ukweli: dawa ilifanya kazi, na mtoto amerudi kwenye maji yaleyale. Prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, inaua minyoo waliokomaa. Haiwagusi sana wachanga walioingia wiki chache zilizopita, na haiachi kinga yoyote mwilini.

Usimlaumu. Kama maji ya karibu ni ya ziwa na choo hakuna, lawama zako zitamfanya asirudi kliniki, na mtoto atabaki bila dawa. Mpe dawa, kisha zungumzeni kitu anachoweza kubadilisha kesho, mfano kuchota maji yakakaa siku mbili kabla ya kumwogesha mtoto.

8. Kwa nini tunakariri vipindi vya kuatamia?

Kwa sababu vipindi hivyo, yaani muda kutoka kuambukizwa hadi dalili kuanza, vinakuambia utazame nyuma hadi lini na umfuatilie mtu hadi lini. Kipindupindu hujitokeza kati ya saa chache na siku 5, kwa hiyo uliza alichokula na kunywa wiki hii. Marburg ni siku 2 hadi 21, ndiyo maana waliotangamana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, na mlipuko hutangazwa kwisha baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya kipindi kirefu kabisa.

Anayepanda meli Bukoba jioni anaamkia Mwanza. Mtu aliyeambukizwa anaweza kuvuka ziwa akiwa mzima kabisa, akaja kuugua wiki ya pili akiwa Kirumba, jijini Mwanza. Swali la "umetoka wapi wiki tatu zilizopita?" liwe la kawaida kwa kila mgonjwa wa homa kali.

## Kinga

9. Ngazi za kinga zinanichanganya. Nizielewe vipi?

Chukua saratani ya mlango wa kizazi uipitishe kwenye ngazi zote. Binti wa miaka 9 hadi 14 anachanjwa dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo: ugonjwa unazuiwa kabla haujaanza (ngazi ya kwanza). Mwanamke asiye na dalili anapimwa kwa kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi, mabadiliko ya awali yanaonekana na kutibiwa: ugonjwa unakamatwa mapema (ngazi ya pili). Aliyekwisha kuugua anapata upasuaji, mionzi au tiba shufaa ili kupunguza madhara na mateso (ngazi ya tatu). Ngazi inayotangulia hata ya kwanza, ambayo vitabu vingine huitaja peke yake, ni kuzuia mazingira ya hatari yasijengeke, mfano sera za kuwabakiza wasichana shuleni na kupunguza uvutaji wa sigara.

Kosa linalojirudia kwenye mitihani ni kuita upimaji kinga ya ngazi ya kwanza. Kupima kunamkuta mtu ambaye tayari ana kitu, hata kama hajakijua.

10. Kinga ya jamii inafanyaje kazi? Na je, inafanya kazi kwa kila chanjo?

Waliokingwa wakiwa wengi, kisababishi kinakosa mtu wa kumrukia, na hata mtoto mchanga asiyefikia umri wa chanjo anapona. Mgonjwa mmoja wa surua, kwenye jamii isiyo na kinga, huambukiza watu 12 hadi 18. Gawa 1 kwa idadi hiyo, kisha toa jibu kwenye 1: unapata kwamba asilimia 92 hadi 94 ya watu wawe na kinga, na ndiyo maana lengo la chanjo ya surua huwekwa asilimia 95. Wilaya inaweza kufikia lengo hilo kwa wastani huku kisiwa kimoja kikiwa nyuma sana, na surua italipuka palepale kisiwani.

Haifanyi kazi kwa pepopunda. Vijidudu vyake viko kwenye udongo, havitoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Hata kijiji kizima kikichanjwa, asiyechanjwa hajakingwa na yeyote.

11. Elimu ya afya si inatosha? Watu wakinawa na kujenga vyoo, kipindupindu kitaisha.

Panda mitaa ya milimani ya jiji la Mwanza, kama Igogo, Mabatini au Isamilo, uangalie kwa macho yako. Nyumba zimekaa juu ya miamba. Kuchimba shimo la futi kumi kwenye jiwe si suala la elimu. Mvua kubwa ikinyesha, kilichomo kwenye vyoo vifupi kinateremka kwenye mitaro hadi Mto Mirongo, kisha ziwani. Watu wa milimani wanajua vizuri kuliko sisi kwamba kinyesi kinaleta ugonjwa. Wanachokosa ni bomba la majitaka linalopita juu ya mwamba, na kazi ya kulaza mabomba ya namna hiyo ilishaanza kwenye baadhi ya mitaa.

Elimu inahitajika, nayo iambatane na kitu cha mkononi: dawa ya kutibu maji, sabuni, pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini. Ukienda na kipaza sauti peke yake, umewapa watu kazi wasiyoweza kuifanya.

## Vipimo, tafiti na takwimu

12. Kipimo kizuri kinawezaje kutoa majibu mengi ya uongo?

Inategemea unampima nani. Tuseme kipimo kinagundua wagonjwa 90 kati ya 100, na kinawaambia wazima 95 kati ya 100 kwamba hawaumwi. Pima watu 1,000 mahali ambapo asilimia 2 wanaumwa. Wagonjwa ni 20, na kipimo kinawakamata 18. Wazima ni 980, na 49 kati yao wanaambiwa kimakosa wanaumwa. Kwa hiyo kati ya 67 wenye jibu la "ndiyo", wanaoumwa kweli ni 18, karibu robo tu. Peleka kipimo hichohicho mahali ambapo asilimia 40 wanaumwa: majibu ya "ndiyo" yatakuwa 390, na 360 yatakuwa ya kweli.

Na kipimo kinaweza kukosea kwa sababu ya muda. Kipimo cha haraka cha malaria kinachotafuta protini ya vimelea kinaweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa kuwa protini inabaki kwenye damu. Kabla hujampa mtu dawa mara ya pili, uliza alitibiwa lini, na ikiwezekana apimwe kwa hadubini.

13. Kuna aina gani za tafiti, na ipi ina nguvu zaidi?

Kuna utafiti wa kupima watu mara moja, unaokupa ushamiri. Kuna wa kulinganisha wagonjwa na wasio wagonjwa kwa kuangalia nyuma, unaofaa kwa ugonjwa adimu au mlipuko. Kuna wa kufuatilia watu wasio na ugonjwa kwa muda uone nani ataugua. Na kuna wa majaribio, ambapo watafiti wanagawa afua, yaani tiba au huduma inayojaribiwa, kwa bahati nasibu. Huu wa mwisho ndio wenye nguvu zaidi kuonyesha sababu, na mmoja wa inayojulikana zaidi duniani ulifanyika hapahapa.

Kuanzia 1991, jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza zilipangwa kwa jozi 6. Kwenye kila jozi, jamii moja iliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya kawaida vya afya: watumishi walifundishwa, dawa zikawepo, usimamizi ukafanyika. Nyingine iliendelea na huduma za kawaida, ikaboreshewa baadaye. Baada ya miaka miwili, kati ya watu 4,149 waliokuwa hawana VVU kwenye jamii zilizoboreshewa, 48 waliambukizwa, yaani asilimia 1.2. Upande wa pili walikuwa 82 kati ya 4,400, asilimia 1.9. Matokeo yalichapishwa 1995, yakionyesha maambukizi mapya yalipungua kwa takriban asilimia 40.

Angalia kilichotumika: zahanati za kawaida na wauguzi wa kawaida. Napenda kila mwanafunzi anayedharau kazi ya zahanati asome tena aya iliyotangulia.

Ng'ambo ya ziwa, Rakai nchini Uganda, watafiti walitibu watu wote wa jamii kwa wingi kila baada ya miezi kadhaa, na mwaka 1999 wakaripoti kwamba VVU havikupungua. Tafiti hizi mbili hazipingani moja kwa moja. Mwanza ilitibu wenye dalili kila siku walipokuja; Rakai ilitibu wote kwa vipindi, na tayari VVU vilikuwa vimeenea zaidi. Afua ikifanya kazi mahali fulani, uliza ilitolewaje na ugonjwa ulikuwa umefikia wapi.

14. Naweza kutumia takwimu za Bugando kueleza afya ya watu wa Mwanza?

Kwa tahadhari kubwa. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda: inapokea waliozidiwa, kutoka mikoa kadhaa, walioweza kufika. Ukihesabu wenye kichocho waliolazwa kwa kutapika damu, utadhani kichocho chote ni cha kutapika damu. Maelfu wenye ugonjwa mwepesi wako mialoni wakivua. Tatizo ni lilelile la swali la 2: hujui hao wagonjwa wametoka kati ya watu wangapi.

## Mlipuko ukitokea zamu yako

15. Nimeletewa watu watano wanaoharisha kutoka kwenye msiba mmoja. Nianzie wapi?

Okoa maisha kwanza: maji na chumvichumvi, dripu kwa aliyeishiwa maji sana, na watenge na wagonjwa wengine. Mjulishe mganga mfawidhi saa hiyohiyo. Chukua sampuli ya kinyesi kabla ya antibayotiki ikiwezekana, lakini usimcheleweshee mgonjwa tiba kwa ajili ya sampuli.

Kisha waulize waliougua na wasiougua maswali yaleyale. Wengi huwasahau wazima, na bila wao huna cha kulinganisha. Tuseme waliokula kachumbari ni 60 na 36 wakaugua, asilimia 60. Wasioila ni 40 na 4 wakaugua, asilimia 10. Waliokula wameugua mara sita zaidi. Sasa una la kumwambia afisa afya kabla maabara haijajibu. John Snow alifuata njia hiyohiyo ya kulinganisha London mwaka 1854, akalishuku bomba la maji la mtaa wa Broad Street takriban miaka 30 kabla ya Robert Koch kumtambua bakteria wa kipindupindu.

16. Nimhesabu mtu ambaye hajapimwa?

Ndiyo, kama mhisiwa (anayedhaniwa kuugua), mradi ametimiza vigezo vilivyowekwa. Pale ambapo kipindupindu hakijatangazwa, mhisiwa ni mtu wa miaka 2 au zaidi mwenye kuharisha majimaji kwa ghafla hadi kuishiwa maji sana, au aliyefariki kwa kuharisha huko. Mlipuko ukishatangazwa, vigezo hulegezwa: yeyote anayeharisha majimaji kwa ghafla anahesabiwa. Andika wazi nani ni mhisiwa na nani amethibitishwa. Ukiwachanganya, unarudi kwenye utata wa swali la 5.

17. Kwenye safu ya makazi niandike nini?

Mtaa au kitongoji, na alama inayojulikana: mwalo, kisima, shule. Ukiandika "Mwanza" tu, timu ya uchunguzi haina pa kwenda. Mvuvi ukimuuliza anatoka wapi atakutajia kijiji alikozaliwa, huenda ni Musoma au Geita. Muulize alilala wapi usiku wa juzi na jana, na mtumbwi wake unapaki mwalo gani. Andika vyote viwili.

18. Nimejichoma sindano iliyotumika. Nifanye nini?

Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usiminye jeraha. Toa taarifa mara moja, hata kama ni mwanafunzi na unaogopa kukaripiwa. Hatari ya kuambukizwa VVU kwa tukio kama hilo ni kama 3 kwa 1,000, na dawa za kuzuia hupunguza zaidi zikianza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kumezwa siku 28. Homa ya ini B ni hatari kubwa zaidi kwa asiyechanjwa, kwa hiyo ulizia chanjo hiyo kabla hujaanza mazoezi ya wodini.

19. Niko kisiwani, mtandao hakuna na boti inaondoka kesho. Nitoe taarifa vipi?

Taarifa ya ugonjwa unaotiliwa shaka haisubiri fomu. Piga simu kwa mganga mfawidhi au ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Ukishindwa kuwapata, namba 199 ya Wizara ya Afya ni ya bure. Kama mtandao unashika kilimani tu, mtume mhudumu wa afya ngazi ya jamii apande na ujumbe mfupi ulioandikwa: wagonjwa wangapi, umri, dalili, zilianza lini, wako mwalo gani, wangapi wamefariki. Waeleze manahodha wa boti la kesho kwamba anayeumwa asipande hadi aonwe, na orodhesha waliokwisha kuondoka leo pamoja na wanakoelekea.